Je, wajua kwa nini kontua zilizobanana si dalili ya mlima mrefu?

Mpe mwanafunzi wa Malindi ramani ya topografia ya 1:50,000, umwulize pa juu zaidi ni wapi. Mara nyingi kidole huenda pale kontua, yaani mistari ya kahawia inayounganisha mahali penye kimo kimoja, zilipobanana. Kosa hili ni sugu. Wapo watu wazima waliomaliza shule nalo. Kontua kubanana hakusemi lolote kuhusu kimo. Kunasema mteremko ni mkali, basi. Kimo husomwa kwenye namba iliyoandikwa juu ya mstari. Uwanda ulio mita 1,800 juu ya usawa wa bahari unaweza kukaa mtupu bila kontua hata moja, ilhali kwenye korongo la Nyari kule Marafa, pa chini mno kuliko hapo, kontua yoyote ikipita lazima isongamane na mwenzake, maana kuta zimesimama wima.

Tazama bahari wakati wa bamvua. Ukingo wa maji hupita mahali penye kimo kimoja, na kontua ni hiyo hiyo. Maji yakishuka mita 1 kwenye ufuo uliolala, ukingo hurudi nyuma hatua nyingi; chora mstari kila yanaposhuka mita, na mistari itaachana mno. Kwenye ukuta wa gati Lamu maji hushuka mita ile ile, lakini ukingo hausogei nyuma wala mbele. Kwa anayetazama kutoka juu, alama zote ni mstari mmoja. Ukuta haukuushinda ufuo kwa kimo. Tena mistari ya namna hii ilianzia majini: mwaka 1584 Mholanzi Pieter Bruinsz alichora mstari wa kina kimoja katika mto Spaarne.

Kwa hesabu, sm 1 ya ramani hiyo ni mita 500. Kontua zikipandana kwa mita 20 na kuachana sm 1, mteremko ni 1 kwa 25. Punda mwenye mzigo hupanda bila kugoma. Zikiachana mm 2, ni 1 kwa 5, na hapo punda ana neno la kusema.

Kinacholisha kosa darasani ni mchoro wa mkato, yaani kilima kinavyoonekana kwa ubavu. Wima, sm 1 hupewa mita 20. Mlalo, sm 1 hubaki mita 500. Kilima kimekuzwa mara 25, kikatoka kama Kilimanjaro, na mwanafunzi akaamini mkono wake.

Bonde na mgongo wa kilima navyo huchanganywa, maana kontua hupinda kama V kwenye vyote viwili. Ncha ya V ikielekea namba kubwa, ni bonde. Ikielekea ndogo, ni mgongo. Mstari wa buluu wa mto huthibitisha bonde, ila bonde kavu huenda lisiwe nao.

Ramani nayo ina mipaka yake. Kilima cha mchanga cha mita 15 kinachoanzia karibu na usawa wa bahari hakifikii kontua ya mita 20, kwa hiyo hakichorwi. Isitoshe, mchanga wa Shela, kisiwani Lamu, huhamishwa na upepo. Mtoto wa huko akisema ramani imesahau kilima, asikemewe upesi. Aoneshwe kwanza pambizo, palipoandikwa mwaka wa ramani na tofauti ya kimo kati ya kontua.