Mtoto anayefelishwa ili aolewe

Katika vijiji vya Shinyanga, Septemba ni mwezi wa mtihani wa darasa la saba. Sisi maafisa ustawi wa jamii tunajua wapo mabinti wanaoingia chumba cha mtihani wakiwa wameshaonywa nyumbani: jaza majibu ya uongo. Mwalimu atashangaa, huyu si ndiye aliyekuwa wa tatu darasani? Mshenga hashangai.

Kwa nini afelishwe? Tangu Sheria ya Elimu irekebishwe 2016, kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Akikosa kidato cha kwanza, si mwanafunzi tena. Hapo inashikwa Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Katika kesi aliyofungua Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki.

Umaskini upo, sikatai. Lakini anayemwoza binti si lazima awe hohehahe. Mara nyingi kuna kaka anayetaka kuoa, na ng'ombe wa dada ndio watakaokwenda kwa wakwe zake. Kuna pia hofu kwamba binti atapata mimba nyumbani na mahari ishuke. Umri hauulizwi, wanatazama kifua na kimo.

Kimo hakisemi kitu kuhusu nyonga. Nyonga ya binti wa miaka 14 au 15 bado inakua. Uchungu ukimkamata mbali na hospitali, kichwa cha mtoto hukwama, pengine siku mbili, kikibana kibofu mpaka nyama inakufa na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula. Mkojo unavuja usiku na mchana, mara nyingi mtoto amezaliwa mfu, na mume anamrudisha kwao akiwa na kanga mbili za kubadilisha. Fistula inatibika kwa upasuaji, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanaufanya, ila wengi hukaa ndani miaka wakidhani wamerogwa.

Ukisikia posa ya mtoto, piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Piga kabla ng'ombe hawajafika. Wakishaingia zizini na watu wakala nyama, hutapata shahidi.