Saa 48: mtu akikamatwa Uganda, muda huanza kuhesabiwa lini?

Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kutenda kosa apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isipite saa 48 tangu alipokamatwa. Wengi wetu huzielewa saa hizo kama muda ambao polisi wamepewa kumaliza upelelezi. Ndiyo maana hoja kwamba ugaidi haupelelezwi kwa siku mbili huwaingia watu kirahisi, hata wale wasioipenda serikali.

Katiba haikudai upelelezi uishe kwa siku mbili. Kwa kosa linaloweza kuleta hukumu ya kifo, kama ugaidi chini ya Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002, mshukiwa anaweza kukaa rumande hadi siku 180 kabla kesi yake haijapelekwa Mahakama Kuu. Hiyo ni miezi sita. Kinachodaiwa ndani ya saa 48 ni kidogo sana: hakimu amwone mtu kwa macho yake, ajue anatuhumiwa nini, aone kama anatembea au anachechemea, na iandikwe atafungiwa gereza gani. Baada ya hapo upelelezi unaendelea kama kawaida, ila sasa kuna mtu wa nje anayejua mshukiwa yuko wapi.

Mtesaji hataki kitu hicho kabisa. Kuna namna ya kumfunga mtu mikono na miguu kwa nyuma ambayo nchini Uganda huitwa kandoya, na kamba huacha alama. Alama hupona, lakini kwa wiki kadhaa. Anayemtesa mtu anazihitaji hizo wiki, na saa 48 zinamnyima.

Sasa, zinakwepwaje? Kituo cha polisi kina daftari: jina, tarehe, saa aliyoingizwa. Ibara hiyohiyo ya 23 inataka mtu azuiliwe mahali palipoidhinishwa na sheria tu, na ndugu, wakili na daktari waweze kumfikia. Nyumba ya kupanga yenye geti refu, ambamo watu hufungiwa kwa siri, haimo kati ya mahali palipoidhinishwa na haina daftari. Bila daftari hakuna saa ya kuanzia kuhesabu. Mtu anaweza kukaa humo miezi mitatu, kisha akahamishiwa kituoni, akaandikwa "amekamatwa leo", na kesho yake akafikishwa mbele ya hakimu. Kwenye karatasi, saa 48 zimeheshimiwa.

Waganda wanaijua hila hii kutoka mbali. Enzi za Idi Amin, ofisi za usalama za Nakasero zilimeza watu ambao ndugu zao hawakupata hata maiti. Enzi ya pili ya Rais Obote kulikuwa na misako iliyokuja kuitwa "panda gari", kwa sababu ndiyo amri askari waliyoitoa, kwa Kiswahili. Waliotunga Katiba ya 1995 walikuwa watu wazima wakati huo.

Kisha ikaja vita dhidi ya ugaidi, na ugaidi wenyewe si wa kubuni. Mwaka 1998 waasi wa ADF waliwachoma wanafunzi mabwenini katika chuo cha ufundi cha Kichwamba. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu ya Al-Shabaab yaliua zaidi ya watu 70 mjini Kampala, Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Lakini Aprili 2009 shirika la Human Rights Watch lilikuwa limeshaeleza jinsi kikosi kazi cha pamoja cha kupambana na ugaidi kilivyowafungia watu kwa siri na kuwatesa Kololo, mtaa wa mabalozi. Wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 2017 likavuma jina la Nalufenya, kituo cha polisi cha Jinja, baada ya washukiwa kufika mahakamani wakiwa na vidonda. Mwaka 2018 kikarudishwa kuwa kituo cha kawaida. Kabla ya uchaguzi wa Januari 2021 na baada yake ikawa zamu ya magari aina ya HiAce yasiyo na namba, ambayo wananchi waliyabatiza "drone". Machi mwaka huo waziri wa mambo ya ndani aliwasilisha bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wameshikiliwa. Familia nyingi ndipo zilipotafuta majina ya watoto wao kwenye orodha.

Njia ya mkato ina gharama hata kwa kesi yenyewe. Baadhi ya washukiwa wa mabomu ya 2010 walichukuliwa Kenya na Tanzania wakavushwa mpaka bila kufuata taratibu za kuwakabidhi kisheria. Malalamiko yao yaliifanya kesi ikwame kwa miaka, na hukumu ikatoka 2016. Kuna walioachiwa huru na kuna waliofungwa maisha, yote mbele ya watu, kwa ushahidi.

Sheria haina upungufu. Sheria ya 2012 ya kuzuia mateso inampa mtesaji hadi miaka 15 jela, au kifungo cha maisha mateso yakiwa makali zaidi, inakataa ushahidi uliopatikana kwa mateso, na haikubali utetezi wa "niliamriwa na afande". Ibara ya 44 ya Katiba inasema marufuku ya mateso haipunguzwi kwa sababu yoyote, pamoja na haki ya kuomba amri ya habeas corpus, yaani mahakama kumwamuru anayemshikilia mtu amlete mbele yake.

Amri hiyo, hata hivyo, inamtegemea mtu anayekiri kwamba anaye. Oktoba 2025 wanaharakati wawili kutoka Kenya, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walichukuliwa Uganda wakiwa wamekuja kwenye kampeni za Bobi Wine, kiongozi wa upinzani. Mawakili walikwenda mahakamani, vyombo vya dola vikasema havinao. Waliachiwa baada ya siku 38, na ndipo Rais Museveni mwenyewe akasema kwenye televisheni kwamba walikuwa wamewekwa "kwenye friji".

Kwa hiyo ndugu wa aliyechukuliwa wanalazimika kuitunza saa ya kuanzia wao wenyewe. Waandike saa na mahali, rangi ya gari, nguo za waliomchukua, nani aliona. Waripoti kituo cha polisi cha karibu siku hiyohiyo na wadai namba ya taarifa, hata kama askari wa zamu anasema mtu huyo hayupo pale. Nakala moja ipelekwe Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, nyingine kwa wakili. Akija kuandikwa "amekamatwa leo" wiki tatu baadaye, wakili atakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu.