Saratani ya kibofu: uliza maji kabla ya sigara

Vitabu vya tiba huiweka sigara mbele kati ya vyanzo vya saratani ya kibofu cha mkojo, na kwa Ulaya ni sawa. Mimi, kwa mtu aliyekulia Pemba, Kwale au kando ya Mto Tana, huanza na swali jingine: utotoni ulikuwa ukiogelea wapi?

Kichocho cha mkojo huletwa na mnyoo Schistosoma haematobium. Konokono wa jamii ya Bulinus huachia vimelea majini, hasa jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi isiyo na kidonda chochote. Minyoo wakikomaa huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, wakataga. Kinachoharibu zaidi ni mayai. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili ukapambana nayo kwa miaka, pakabaki makovu na chokaa. Utando wa ndani hugeuka kuwa seli bapa, ndiyo maana saratani ya kichocho mara nyingi huwa ya seli bapa, tofauti na ile ya wavutaji. Tangu 1994 mnyoo huyu ametambuliwa kimataifa kuwa msababishi wa saratani kwa binadamu.

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo waliokomaa. Wachanga huwaacha, na kovu la zamani halifuti. Kwa hiyo aliyemeza dawa shuleni kisha akarudi bwawa lilelile hajamaliza kazi.

Sigara nayo humwongezea mvutaji hatari kama mara tatu. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kibofuni saa kadhaa zikigusa utando. Jamaa za sumu hizohizo zimo katika rangi za viwandani: mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Ugonjwa huweza kuchukua miaka 20 na zaidi kujitokeza, hivyo muulize mgonjwa hata kazi aliyoiacha zamani. Kwenye orodha ya vyanzo weka pia sumu ya arseniki iliyomo katika maji ya kunywa, saiklofosfamaidi (dawa ya kutibu saratani), tiba ya mionzi ya nyonga, na mpira wa mkojo unaokaa miaka.

Kosa ninalolichukia ni hili: mtu wa miaka 50 anakojoa damu bila maumivu, anapewa antibiotiki, damu inakata, anahesabiwa amepona. Damu ya saratani huja na kuondoka yenyewe. Kwa mwanamke husingiziwa hedhi.

Kwa kichocho, chukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, matone ya mwisho yakiwemo. Lakini kwa mtu mzima, mayai yakionekana usifunge faili. Ultrasaundi ifanywe kibofu kikiwa kimejaa, maana kikiwa kitupu uvimbe hupotea kwenye mikunjo. Hata picha ikiwa safi, kuchunguliwa kibofu kwa kamera kubaki palepale: uvimbe bapa hauonekani kwa ultrasaundi.