Nani apime sifa za mgombea urais?

Juzi pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, mama mmoja muuza dagaa aliniuliza, "Hivi Wakili, nani anasema huyu anafaa kuwa rais na yule hafai?"

Nikamwambia, mama, kufaa ni kazi ya mpiga kura. Kuwa na sifa ni suala la sheria. Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inataka uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka 40, kudhaminiwa na chama, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi. Ni mambo ya kupimika, kama sangara: akiwa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, hata awe mnono vipi.

Ugomvi uko kwa anayeshika rula. Kwetu ni Tume ya Uchaguzi. Chama kikishampata mtu wake, Tume ndiyo inayomteua kisheria, na ndiyo inayoamua pingamizi. Halafu ibara ya 74(12) inazizuia mahakama kuchunguza kazi za Tume, na ya 41(7) inafunga mlango kabisa mshindi wa urais akishatangazwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika, hapo hapo Arusha, ilisema hiyo ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Mwaka 2025 tuliona rula ikigombaniwa. Luhaga Mpina, mgombea urais wa ACT-Wazalendo na mtu wa Kisesa kwa majirani zetu wa Simiyu, alitenguliwa na Msajili wa Vyama mwezi Agosti. Septemba 11 Mahakama Kuu Dodoma ikamrudisha. Septemba 15 Tume ikamwondoa tena, safari hii kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema mpiga kura wa Maswa hakujua amsikilize nani.

Kwangu mimi, Tume ikague fomu, lakini neno la mwisho litoke mahakamani kabla karatasi za kura hazijachapwa. Muda si kisingizio: Mahakama ya Juu ya Kenya huamua kesi nzima ya urais ndani ya siku 14.

Mama akacheka. "Na majaji wanateuliwa na nani?"

Na Rais, nikakiri, kama wajumbe wa Tume. Ila jaji anasikiliza pande zote mbili hadharani, na anaandika sababu zake.

"Haya," akasema, akaendelea kupima dagaa.