Vichaka vya kingo za mito ya msimu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Voi wakati wa kaskazi, akishaipita Mariakani, huiona nyika imekauka na miti imepukutisha majani, isipokuwa mistari ya kijani inayojipinda kufuata mabonde. Mingi ya mistari hiyo ni vichaka vya kingo, yaani jamii ya mimea, aghalabu mifupi na yenye mashina mengi, inayoota kandokando ya mikondo ya nchi kame, hata ile ipitishayo maji siku chache tu za mvua na kubaki mchanga mtupu muda uliosalia. Neno "jamii" hapa halina maana ya ukoo. Mkunazi, mswaki na migunga si ndugu. Ni majirani wanaokunywa kisima kimoja.

Kisima chenyewe kimefichika. Mafuriko yakipita, sehemu ya maji huzama mchangani, mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi, nayo mizizi huyafuata huko. Katika mgodi mmoja wa Arizona, Marekani, mizizi ya mti ulio jamaa ya mathenge, ule mti wa miiba wa nchi kame, ilikutwa kwenye kina kinachozidi mita 50.

Mswaki tunaujua zaidi ukiwa umekatwa: kile kijiti kiuzwacho karibu na misikiti ya Mji wa Kale, ambacho ukikibambua gome na kukitafuna ncha hutoa nyuzi laini na ukali unaokaribia haradali. Ukiwa bado hai bondeni, huvumilia udongo wa chumvi, na matawi yake yaliyoinama hupunguza kasi ya maji, hata tope na mbegu vikatua papo hapo. Ukingo hujengwa hivyo, na mche mwingine hupata pa kushika.

Mathenge, mgeni kutoka Amerika, umeitumia njia hiyo hiyo. Mbegu zake zililetwa mwaka 1973 kutoka Brazili na Hawaii ili kuotesha miti katika machimbo yaliyo karibu na Mombasa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Tana River na Baringo. Mifugo hula maganda yake matamu, mbegu hutoka na samadi zikiwa nzima, na mafuriko huzisambaza. Kwa mbali mstari ni ule ule wa kijani. Ukisogea, unakuta miiba iliyofungamana, na chini yake miche ya mimea ya asili ni haba.