Wamaya Hawakutoweka: Wewe Ndiye Uliyepita Haraka

Nimeulizwa tena. Aliyeuliza safari hii ni msomaji aliyetembelea Chichén Itzá, magofu ya mji wa Wamaya nchini Meksiko, kwa basi la watalii kutoka Cancún, akarudi hotelini jioni ile ile, kisha akaniandikia kwa heshima zote kutaka kujua Wamaya walikwenda wapi. Simlaumu yeye, kwa sababu vipindi vya televisheni na vipeperushi vya hoteli humwambia kila msafiri kwamba anakwenda kuona mabaki ya watu waliopotea kwa namna isiyoelezeka. Kinachonishinda kuvumilia ni kwamba siku hiyo hiyo msomaji wangu alikatiwa tiketi, akauziwa maji, akapikiwa chakula cha mchana, na huenda hata akaelezwa habari za piramidi, na watu ambao wakirudi kwao huzungumza Kimaya na mama zao.

Jambo lililo rahisi tulimalize upesi. Lugha za jamii ya Kimaya zilizo hai leo ni takriban 30, na wasemaji wake ni zaidi ya milioni 5, kuanzia rasi ya Yucatán na milima ya Chiapas nchini Meksiko, kupitia Belize, hadi nyanda za juu za Guatemala, nchi ambayo peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya. Hii si siri ya wataalamu. Yeyote atakayeketi nusu saa katika stendi ya mabasi ya Valladolid na kufunga mdomo wake ataisikia kwa masikio yake.

Kilichokoma kinajulikana, na kina tarehe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8, falme za nyanda za chini za kusini, ambazo kila moja ilikuwa na mfalme wake mtakatifu na stela zake, yaani nguzo za mawe zilizochongwa maandishi, ziliacha kuchonga mawe moja baada ya nyingine. Huko Copán madhabahu ya mwaka 822 iliachwa kabla haijamalizika. Stela ya mwisho ya Tikal ni ya 869. Na huko Toniná tarehe ya mwisho tunayoifahamu ya Hesabu Ndefu, kalenda ya kale ya Wamaya, ni ya 909. Utawala wa namna ile ulikufa, na sitaupunguza uzito wa kifo hicho kwa sababu tu nimechoshwa na hekaya ya kutoweka: miji ilihamwa, msitu ukaota juu ya viwanja vya michezo, na idadi ya watu wa Petén, kaskazini mwa Guatemala ya leo, ikashuka mno. Wapo wenzangu ambao, kwa kuikimbia hekaya hiyo, wameangukia upande wa pili na kusema kwamba palitokea mabadiliko tu, kana kwamba watu walihama nyumba kwa hiari na kwa furaha. Nao hunikera, ingawa kwa kiasi.

Hata hivyo, miaka ile ile ambayo Tikal ilikuwa inanyamaza, kaskazini Uxmal ilikuwa inajenga na Chichén Itzá ilikuwa inakua, na Mayapán ilikuja kutawala sehemu kubwa ya rasi hadi katikati ya karne ya 15. Wahispania walipofika pwani ya Yucatán mwaka 1517 walikuta miji, masoko na vitabu. Mtawa wa Kihispania Diego de Landa alivichoma vitabu hivyo mjini Maní mwaka 1562, na sijui kama yuko mtu anayejisumbua kuchoma vitabu vya watu waliokwisha kupotea. Ufalme wa Waitzá, nao Wamaya, katika kisiwa cha Nojpetén huko Petén ulisimama peke yake hadi mwaka 1697. Mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán waliinuka kwa silaha na kukaribia kuuteka mji wa Mérida, na vita hiyo haikuhesabiwa kuwa imekwisha hadi jeshi la Meksiko lilipoingia Chan Santa Cruz, makao makuu ya waasi, mwaka 1901. Kwa watu waliotoweka, hiyo ni kazi kubwa.

Kuhusu sababu za anguko la kusini, vitabu vya shule siku hizi hutaja ukame kana kwamba shauri limehukumiwa. Ushahidi wa ukame upo na ni mzuri: tope la ziwa Chichancanab na mawe ya chokaa ya pango la Yok Balum nchini Belize yanaonyesha vipindi vikali vya upungufu wa mvua katika karne ya 9 na baada yake. Tatizo ambalo vitabu hulifunika ni kwamba kusini, kwenye mvua nyingi, ndiko kulikoanguka kwanza, ilhali vilima vya Puuc huko kaskazini, ambavyo havina mto wala ziwa, vilikuwa katika siku zake za fahari. Majibu ya kisomi ya fumbo hilo yapo, nami huyafundisha, lakini hakuna hata moja ambalo ningeapa kwalo. Vita vilikuwepo, njia za biashara zilihama, na huenda wakulima walichoka na wafalme walioahidi mvua na wasiilete. Ukame kuuelewa ni rahisi. Uchovu wa mkulima hauachi tope ziwani.

Kuhusu madai kwamba Wamaya walitabiri dunia kuisha mwaka 2012 na kwamba walijuana na wageni kutoka sayari nyingine, aya hii moja inatosha. Tarehe 21 Desemba 2012 ilikuwa mwisho wa b'ak'tun ya 13, kipindi kikubwa cha Hesabu Ndefu, kama vile mwaka 2000 ulivyogeuza tarakimu zetu, na huko Palenque maandishi ya mfalme Pakal yanazungumzia kwa utulivu kumbukumbu itakayoadhimishwa mwaka 4772. Mchoro wa kifuniko cha kaburi lake si chombo cha angani. Tuendelee.

Msomaji wa pwani yetu anapaswa kulielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Gedi, karibu na Watamu, ilihamwa karne kadhaa zilizopita, misikiti yake ikafunikwa na mibuyu, na hakuna Mswahili anayelala macho wazi akijiuliza Waswahili walipotelea wapi. Tunajua kwamba mji uliisha na watu wakaendelea, kwa sababu watu hao ni sisi. Tunakumbuka pia jinsi wageni walivyosema kwamba Gedi na Kilwa zilijengwa na watu wengine kabisa. Anayesema kwamba Wamaya walitoweka humnyang'anya mkulima wa Yucatán babu zake, hata kama nia yake ni njema.

Sasa nifike kwenye mwendo wa safari, maana ndio ninaoulaumu. Safari ya siku moja huonyesha mawe tu, na mawe ndiyo sehemu pekee ya ustaarabu ule ambayo ilikuwa mali ya wafalme. Njia kutoka Cancún ni kama kilomita 200. Basi hufika jua likiwa kali, umati umejaa, kamba zimezungushwa, nyasi zimekatwa, na msafiri husimama mbele ya jengo ambalo zamani lilipakwa chokaa na rangi nyekundu, akiliona kijivu na tupu. Katika mazingira hayo hata mimi ningeuliza walikwenda wapi.

Dawa yake ni kukaa mahali pamoja. Ninaowaongoza huwapeleka Puuc, kusini mwa Mérida, tukaishi Ticul au Oxkutzcab, tukapanda magari madogo ya abiria yanayoitwa colectivo, na siku za mwanzo hatuendi kwenye magofu hata kidogo. Tunakwenda sokoni, tunakwenda kwenye milpa mahali ambapo mahindi, maharage na maboga hukua pamoja, tunaangalia mahindi yakichemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa, na tunaingia katika nyumba za kale za kijijini: umbo la yai, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la makuti lililochongoka, mlango wa mbele ukikabiliana na wa nyuma ili upepo upite. Mgeni kutoka Bagamoyo au Lamu huhitaji maelezo machache sana hapo.

Baada ya hapo ndipo tunapokwenda Labná. Lango lake la mawe lina, upande mmoja, sanamu za vibanda viwili vyenye paa la makuti, na huko Uxmal, juu ya milango ya jengo la kusini la ule uwanja ambao Wahispania waliuita wa watawa, vimechongwa vibanda vya namna hiyo hiyo. Ni nyumba ile mgeni wangu aliyoingia juzi, iliyochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na watu walioiona kuwa inafaa kuwekwa juu ya mlango wa jumba la fahari. Huwa sisemi kitu. Mtu aliyepita haraka huona pambo. Aliyekaa wiki huona nyumba ya jirani, na swali la kutoweka humfia mdomoni bila hotuba yangu.

Vivyo hivyo kwa maji. Puuc haina mito, na maji ya chini ya ardhi yako mbali mno, hivyo miji yake iliishi kwa matangi ya chini ya ardhi, chultun, yaliyokusanya mvua kutoka viwanjani. Ukikaa pale mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa kila mahali na wakulima wakitazama mbingu, na ukasikia kwamba mahali fulani jmeen, kuhani wa kijiji, anaandaa Ch'a Chaak, ibada ya kuomba mvua, ndipo zile sura za mawe zilizojaa ukuta wa Kabah zinapoacha kuwa mapambo. (Waongozaji husema zote ni Chaak, mungu wa mvua. Wasomi kadhaa wanaona nyingi kuwa ni milima hai, witz. Nimebadilisha msimamo wangu juu ya jambo hili kila baada ya muda, na nitaubadilisha tena.)

Lakini msafiri wa polepole naye ana ugonjwa wake, na nisipousema nitakuwa nimewabembeleza wasomaji wangu. Akishagundua kwamba Wamaya wapo, huanza kuwataka wawe wale wale wa kale. Huingia katika kanisa la San Juan Chamula huko Chiapas, mahali ambapo kupiga picha ni marufuku, akaona mishumaa sakafuni, majani ya msonobari na chupa za soda, kisha akasikitika kwa sababu ya soda. Hukasirika kukuta kanisa la Kipentekoste katika kijiji cha Guatemala, au kijana anayeghani rap kwa Kitz'utujil, mojawapo ya lugha za Kimaya. Katika nyanda za juu kalenda ya siku 260 haijakatika, na ajq'ij, mtunza siku, wa Momostenango nchini Guatemala huihesabu leo bila msaada wa profesa yeyote. Hesabu Ndefu ilikufa, na waliosoma wameirudisha kutoka vitabuni. Vyote viwili ni vya Kimaya. Mtu hai hubadilika, na anayemdai abaki sanamu amerudi pale pale kwenye hekaya ya kutoweka kwa mlango wa nyuma.

Na anayetaka hasa kujua ni Wamaya gani walipotea, aulize habari za miaka ya 1980. Vita vya Guatemala vilidumu kutoka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya wahanga waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Huko Plan de Sánchez, karibu na Rabinal, jeshi na washirika wake waliua watu zaidi ya 250 tarehe 18 Julai 1982. Hakuna fumbo hapo. Waliofanya wanajulikana, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliitia hatiani dola ya Guatemala mwaka 2004. Basi la siku moja halipiti Rabinal.

Je, kusafiri polepole kunawasaidia Wamaya wenyewe? Ningependa kujibu ndiyo. Fedha ya anayekaa wiki kijijini hugawanyika kwa mikono mingi zaidi, hilo nimeliona. Lakini nimeona pia kandokando ya ziwa Atitlán nchini Guatemala jinsi wageni wa polepole, wanaokaa miezi, wanavyopandisha bei ya ardhi hadi mtoto wa mwenyeji akakosa pa kujenga. Wa basi angalau huondoka jioni. Reli mpya ya Meksiko iliyoanza kazi Desemba 2023 inaitwa Tren Maya, na Wamaya wamegawanyika juu yake kama watu wengine wowote wanavyogawanyika juu ya reli.

Kwa msomaji wangu, ambaye ameniambia kwamba atarudi: panda basi la daraja la pili hadi Ticul, fika Oktoba ikiisha ili uwepo wakati wa Hanal Pixán, siku ambazo familia hupika pib, mkate mkubwa wa mahindi wenye nyama, ardhini kwa ajili ya marehemu wao, na usiitoe kamera kabla hujaruhusiwa. Labná iende asubuhi, mapema. Uxmal iwe ya mwisho. Chichén Itzá umekwisha kuiona.