Jicho la Mpasuaji Katika Upasuaji wa Matundu Madogo

Wagonjwa wanaokuja kutolewa mfuko wa nyongo huniuliza sana kuhusu mikasi na roboti, na ni nadra kuulizwa kuhusu lenzi. Kwangu mimi, maendeleo makubwa ya upasuaji huu, unaofanywa kupitia matundu madogo tumboni, yako katika kuona kuliko katika kukata.

Darubini za zamani, yaani mirija ya kutazamia inayoingizwa tumboni, zilikuwa na lenzi ndogo zilizopangwa ndani ya mrija uliojaa hewa, na mwanga mwingi ulipotea njiani. Mwaka 1959 mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins aliugeuza mpangilio huo: aliujaza mrija vipande virefu vya kioo, akabakiza hewa kidogo tu baina yake, na picha ikang'aa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, aliyeona alikuwa mtu mmoja, aliyeinama na kubandika jicho kwenye darubini. Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa namna hiyo nchini Ujerumani mwaka 1985. Kamera ndogo na skrini ndizo zilizomwezesha msaidizi kushika darubini, na mpasuaji akapata mikono yote miwili. Hata da Vinci, roboti ya upasuaji inayoongozwa na mpasuaji, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, naithamini kwanza kwa picha yake yenye kina. (Ukungu wa lenzi, lakini, bado tunautibu kwa maji ya moto yaliyotakaswa.)

Hatua inayonivutia zaidi ni dawa ya rangi iitwayo kijani cha indosianini. Hudungwa mshipani kabla ya upasuaji, ini huichuja na kuimimina katika nyongo, kisha kamera inayopokea mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, huionyesha mirija ya nyongo iking'aa kabla sijakata chochote. Ajali tunayoiogopa ni kukata mrija mkuu wa nyongo kwa kuudhania kuwa ule wa mfuko, na mara nyingi chanzo chake ni macho kudanganyika, si mkono kuteleza.

Mwanga huo, hata hivyo, hupenya milimita chache tu za nyama. Mfuko ukivimba na kuzingirwa na mafuta mazito, narudi kwenye utaratibu uliokuwepo kabla ya rangi hii: naondoa mafuta taratibu mpaka nione vitu viwili tu vikiingia katika mfuko, mrija mmoja na ateri moja, na ini likionekana nyuma yake. Nisipoviona, sifungi klipu yoyote (kibanio cha kuzibia mrija au ateri kabla ya kukata). Huacha sehemu ya mfuko mahali pake, au hufungua tumbo.